Zahanati Iliyokamilika kwa Juu

Ifahamike kwa umma kwamba Idara ya Ukaguzi wa Majengo kwa Njia ya Anga imemaliza tatizo la majengo yasiyokamilika Changamwe nzima. Mkurugenzi wake, Bwana Mbarak, alilimaliza akiwa kitini. Zamani wakaguzi walikwenda mjengoni kwa miguu, wakarudi na vumbi na maoni. Siku hizi droni hupaa kila Alhamisi na kupiga picha za mapaa. Paa la mabati, jengo limekamilika. Paa la makuti, hilo ni banda la muda, na waliomo wahamie mara moja jengo lililokamilika lililo karibu.

Mkandarasi Bonface, mwepesi wa kuelewa sera, aliianzia juu zahanati ya Chaani. Alisimamisha nguzo kumi na mbili, akaezeka mabati mekundu, akaenda zake. Droni ikatoa asilimia mia. Mbarak akaitundika picha ukutani, na kwa kweli ilipendeza.

Ndipo akaja Nyevu, msusi wa makuti, na bintiye Pascalia, mja mzito wa miezi minane.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi."

"Marahaba, mama."

"Mwanangu ajifungua mwezi ujao. Zahanati haina kuta. Azae watu wa bodaboda wakimtazama?"

Mbarak alimwonyesha picha kwa subira. "Hapa waona ukuta uliokosekana?"

"Hapo naona mabati."

"Basi. Kuta hazina nafasi kwenye fomu."

Pascalia alijishusha kitini, akihema. Ofisi ilichemka, feni ilikufa tangu Ramadhani, na Mkurugenzi alijipepea kwa ripoti ya mwaka. Nyevu akayatazama mabati ya paa la ofisi.

"Joto hili litawaua. Nitawaletea makuti tuyalaze juu. Bure."

Mbarak aliguswa. "Wallahi, wananchi wa namna hii ndio tunaowataka."

Jumatatu wanawake watano walipanda juu ya ofisi na kuezeka makuti, na Mkurugenzi akalala mezani usingizi wa raha. Alhamisi droni ikapaa. Ijumaa ikatoka barua yenye sahihi yake mwenyewe: wakaaji wa banda la makuti nambari saba wahamie Zahanati ya Chaani. Angekata rufaa, ila rufaa zote huletwa kwake, naye hujibu kwamba droni haikosei.

Akahama. Upepo ulichukua mafaili hadi gengeni, mbuzi akala ratiba ya mikutano. Wapita njia walimwamkia, naye akaitikia marahaba hadi koo likakauka. Kibaya zaidi, watu wote waliona anachofanya tangu asubuhi, nacho kilikuwa chai. Siku ya tatu alimpigia Bonface.

"Nataka kuta."

"Mkuu, kuta hazina nafasi kwenye fomu."

"Bonface, zijenge kabla sijaja huko kwa miguu."

Kwa wiki mbili zikasimama kuta, zikapigwa plasta, milango ikatiwa. Jumatano rangi ilikauka, na wale wanawake watano wakaenda kuyashusha makuti ya ofisini. Alhamisi droni ikapaa. Ijumaa ikatoka barua, sahihi ile ile: ofisi ya idara imekamilika, wahusika warudi.

Mbarak alikuwa amekumbatia ile picha ya paa alipokutana mlangoni mwa zahanati na Pascalia, ameshika kiuno. Nyuma yake alikuja muuguzi, kisha Nyevu na furushi la leso.

"Mama, si ulisema makuti ni bure?" Mbarak akamuuliza Nyevu.

"Nilisema bure, baba. Sikusema milele." Akampisha apite. "Ukitoka utuvutie mlango. Sasa upo."