Kitabu Ulichomuuzia Mkwe Wangu

Makutupora,
21 Agosti 1995.

Kwa Ndugu Swalihu, Muuza Vitabu,
Karibu na Soko, Dodoma Mjini.

Ndugu Swalihu,

Shikamoo yako nimeipokea, maana najua tungeonana ungenipa. Marahaba. Mimi mzima, ni magoti tu. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Nilisoma ngumbaru nikamaliza, kwa hiyo usitafute mtu mwingine wa kumlaumu.

Mwezi uliopita ulimuuzia Eliakimu, mume wa binti yangu Ruthu, kitabu cha kufundisha watu kuongoza timu. Eliakimu ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha wavunaji wa zabibu. Sisi si timu, hatuchezi mpira. Kabla yake niliongoza mimi, miaka tisa, kwa mdomo huu huu na bila kitabu, mpaka magoti yalipokataa. Sasa navuna kama wengine.

Zabibu zimeiva. Bado mistari kumi na miwili, na lori la mnunuzi linakuja Alhamisi. Zamani ilinunua serikali. Ilichelewa, nawe ukachelewa, mkasameheana. Siku hizi mwenye lori ni mtu na lori lake. Akikuta hujavuna anageuza kwenda kwa jirani, zabibu zako ukale na nyuki. Kwa hiyo siandiki kwa mchezo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani asubuhi ilikuwa "haya, twende". Siku hizi tunasimama duara tunaulizwa lengo letu ni nini. Mwenzetu mmoja, Tabu, akajibu, "Kuvuna zabibu." Akaambiwa afikiri zaidi. Tumefikiri mpaka jua likatufika utosini. Lengo bado ni zabibu.

2. Kitabu kimesema kiongozi amsifu mtu mbele ya wenzake. Eliakimu akamsimamisha Paulina, tukampigia makofi, eti ndiye mvunaji bora wa wiki. Wewe umezaliwa wapi usijue macho ya watu? Kesho yake Paulina kalala na homa, kidole kimevimba. Na sisi wengine tukapunguza mwendo, maana nani anataka kusifiwa tena?

3. Kitabu kimesema kiongozi ni mtumishi. Basi Eliakimu akanyakua ndoo, akaenda kisimani kututekea maji. Huku nyuma wawili wakagombea mstari, wakarushiana vichala, na wa kuamua hayupo, yuko kisimani anatumika. Alivyorudi hatukuyanywa hayo maji. Mwanamume kakubebea ndoo kichwani, utayamezaje?

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mimi nikija huku, yeye anapita kule, na hiyo ndiyo heshima. Miaka kumi na moja nimemjua Eliakimu kwa mgongo, na ni mgongo mzuri, sina neno nao. Ijumaa akaja akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono, akanikazia macho, akauliza, "Mama, unajisikiaje ndani ya timu?"

Ndugu Swalihu, mkasi ulinidondoka. Nilijifunika kanga kichwa kizima, nikabaki nimesimama kama mzigo unaosubiri gari. Shamba zima likaacha kuvuna, likatutazama. Ndege ndio waliofaidi. Naye, badala ya kukimbia, nikamsikia akiwaambia wenzangu kwamba mama ana matatizo ya mawasiliano!

5. Kwa kosa hilo mkwe hutoa mbuzi. Nimemtuma Ruthu akamkumbushe mumewe. Jibu likarudi: kosa si la kutozwa, kosa ni nafasi ya kujifunza. Hayo nayo yamo kitabuni, ukurasa wa thelathini na moja, nimeangalia. Basi mbuzi wangu yumo mle mle kitabuni mwako.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: kwanza, kitabu ukichukue. Pili, mbuzi umlete wewe, jike, asiwe kilema. Tatu, vitabu vyote vya namna hiyo uviandike juu kwa wino usiofutika: MTU ALIYEOA ASISOME BILA RUHUSA YA MAMA MKWE. Na nne, umwandikie Eliakimu kwamba uongozi aurudishe kwangu, maana wewe mwenye kitabu atakusikia.

Wasalimie wa nyumbani kwako, mama yako hasa, na wote wanaouza jirani yako, isipokuwa yule aliyeniuzia kanga inayochuja. Huyo mwambie namkumbuka.

Ni mimi niliyekasirika, ila mwenye adabu,
Bibi Damari Chedego.

Nyongeza, Jumanne: Barua haijapata mtu wa kuipeleka, na mambo yamegeuka. Jana jioni Eliakimu kamtuma Ruthu aniambie nishike kikundi mimi, eti kiongozi ajue wakati wa kumpisha mwenzake. Leo alfajiri nikasimama mwanzo wa shamba nikawaamrisha kama zamani: "Inameni, wavivu nyie!" Hakuinama mtu. Tabu akasema, "Bibi, sisi siku hizi tumezoea kuombwa." Wakakaa juu ya matenga. Wamekaa mpaka sasa ninapoandika, na mistari ni ile ile kumi na miwili.

Basi yote niliyodai huko juu yafute. Atakayekuletea barua hii mpe kitabu kingine kama kile, chenye herufi kubwa, akifunge ndani ya gazeti, Eliakimu asikione. Na kama kina sura inayofundisha mtu mzima kuomba radhi, nikunjie ukurasa. Nitaanzia hapo. Fanya hima, kesho kutwa ni Alhamisi.