Bangili za Rika Bwawani

Wakazi wote wa Tolland Creek, Ohio, walitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumamosi hakuna atakayeogelea katika bwawa la mji bila rika lake kutambuliwa rasmi.

Bangili zilikuwa tatu: nyekundu ya mtoto, bluu ya mtu mzima, kijivu ya mzee. Wendell Stroud, mkurugenzi wa Idara ya Marika, mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa ameahidiwa unaibu meya endapo uzinduzi ungekwenda vizuri. Usingizi ulimpaa. Kamati ilikaa miezi saba ikitafuta uzee unaanzia wapi. Wajumbe wa miaka ishirini walisema thelathini na tano. Wa thelathini na tano wakasema sitini. Wa sitini wakasusia kikao. Ndipo Wendell akaamua, kwa busara yake, kwamba bawabu wa bwawa atakadiria kwa macho, na makadirio hayo hayatakatiwa rufaa. Kazi haikuwa na mshahara, hivyo aliyejitolea alikuwa mmoja tu: Bi Hazel Lindqvist, miaka tisini na mitatu.

Jumamosi, Bi Hazel alimfunga Wendell bangili nyekundu.

"Bi Hazel, mimi ndiye mkurugenzi!"

"Hongera, mwanangu. Pita, ila usikimbie, sakafu inateleza."

"Lakini nina mvi!"

"Za juzi tu hizo."

Hadi adhuhuri watu wote mia mbili waliofika walikuwa na nyekundu, Meya Benavides akiwemo. Za kijivu hazikuguswa, kwani Bi Hazel hakumwona mzee yeyote. Mwenyewe alijifunga bluu.

Kisha, kama ilivyo desturi kila saa, filimbi ya mwokoaji wa bwawa ikalia.

"Watoto wote nje! Dakika kumi na tano za watu wazima!"

Bwawa likabaki tupu. Bi Hazel akavua kanzu yake ya taulo, akaingia majini na kuogelea chali, taratibu, bila haraka na mtu.

Kwenye benchi, binti wa miaka saba alimgeukia Wendell. "Babu, sheria hii umetunga wewe?"

"Ndiyo," alisema Wendell, akijaribu kutabasamu.

"Mbona na wewe umetolewa?"

Wendell aliinuka. Alimsogelea Meya, aliyekuwa akitetemeka ndani ya taulo.

"Mheshimiwa, kuhusu ule unaibu..."

"Utaupata, Wendell," alifoka Meya. "Ukikua!"

Bi Hazel akainua kichwa majini.

"Nyie watoto wawili! Kelele!"

Wote wawili wakaketi benchini.