Hema Refu, Shimizi na Upepo wa Mwanda

Mwaka huu wa muhogo, ambao huku kwetu milimani Mwanda nzima tumekula muhogo wa kuchemsha asubuhi na kimanga cha muhogo wa kupondwa jioni mpaka kuku wamechoka na maganda, nilidhani hakuna jambo jipya la kunishangaza. Leo limepatikana. Nimeaibika jamani. Nimeaibika mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, mbele ya akina mama wa kanisa.

Mnamjua mjukuu wangu Wakesho. (Kama hamumjui shida ni yenu, kila siku namtaja.) Huyu mtoto anajua njia zote za milima hii. Sasa kuna mama mmoja wa Voi, Madam Akinyi, anayeleta watu wa kutembea mlimani na kulala huko huko juu. Anatafuta mtu wa kuwaongoza. Alimwambia Wakesho: "Nitakuja nione hema lako kwenye huo upepo wa kwenu. Likisimama, kazi ni yako." Wakesho amekaa tu tangu amalize shule. Hiyo kazi tumeiombea kwa magoti.

Basi akaazima mahema mawili achague moja. Yale ya kukunja unabeba mgongoni. Leo asubuhi akayasimamisha pale uwanjani upande wa juu wa nyumba yangu, mahali upepo hupita kama una hasira na mtu.

La kwanza fupi, kijani, limelala chini kama kobe. La pili refu, manjano, zuri! Unasimama ndani na kilemba chako kichwani.

"Chukua hili refu," nikamwambia.

"Nyanya, refu linashindana na upepo. Hili fupi, upepo unalipita juu."

"Fupi unaingia kwa magoti kama mwizi wa mayai! Mwanamke anavaa gauni akiwa amesimama. Wewe utavalia wapi?"

"Kule juu hatuendi kuvaa magauni, nyanya."

"Kwani mnaenda uchi?"

Akacheka. Akanyamaza. (Akinyamaza hivyo ujue ameshaamua lake. Hiyo amerithi kwangu.) Simu yake ikalia, Madam amefika barabarani. Akateremka kumpokea, na akiondoka akaniambia neno moja tu: "Nyanya, usiguse kitu."

Mimi? Nisiguse? Nyumba yangu imesimama hapa tangu babake Wakesho ananyonya, na bati hata moja halijang'oka!

Nikalizunguka lile refu. Kwanza, mlango umeelekea shambani. Mgeni atoke njiani akutane na makalio ya nyumba? Sisi hatujengi hivyo. Mlango unatazama njia, mgeni anaonekana akija, anakaribishwa. Nikang'oa vigingi, nikalizungusha hema, nikalielekeza njiani. (Njia hiyo hiyo ndiyo upepo hupandia. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria heshima.)

Halafu kamba. Kamba zimetapakaa kila upande kama mtego, mgeni si ataanguka? Nikazifungua zote, nikazikunja vizuri, nikaziweka pembeni. Vigingi nikavirudisha na kuvigonga kwa jiwe. Safi.

Hapo ningeenda zangu jikoni. Lakini nikaona niwamalize kabisa. Nikaenda kuchukua gauni langu la sare ya kanisa, nikaingia nalo hema refu. Nilivalie humo, nimesimama, kisha nitoke kama bibi harusi, Madam ajionee mwenyewe hema la maana. Mlango nikauacha wazi nipate mwanga. Nikavua gauni la shamba. Nikabaki na shimizi.

Upepo ukaja.

Jamani! Ulipanda na njia ukaingia mlangoni bila hodi. Hema likavimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Nikasikia vigingi vinang'oka, pwa! pwa! pwa! Nikashika ufito, ufito ukanishika mimi. Tukapinduka. Miguu juu, kichwa sijui kiko wapi, naita watakatifu wote hata wale wa kanisa la jirani. Kisha hema likanitema mlangoni kama kokwa, pu! kwenye majani, likaondoka zake. Na magauni yangu yote mawili.

Nikainua kichwa. Pale njiani wamesimama Wakesho na Madam Akinyi. Nyuma yao akina mama wa kanisa wanatoka mkutanoni, wote, na mbele yao jirani yangu Mama Mghoi. Ule mdomo wake mnaujua.

Sasa niwaambie kuhusu shimizi. Lilichanika huko nyuma, nikalitia kiraka cha gunia la unga, lile la kitambaa. Nilifua, maandishi hayakutoka. Nikasema, kwani nani atasoma huko?

Mama Mghoi alisoma.

"Kilo hamsini!" akapaza sauti. "Eti kilo hamsini! Dada, nani alikupima?"

Hata yule mama anayetukemea tukicheka kanisani alikaa chini kwa kicheko.

Nilikimbia. Kwenda nyumbani ni lazima nipite mbele yao. Kilichokuwa karibu ni yule kobe wa kijani. Nikaingia. Kwa magoti. (Nyamazeni.) Nikafunga zipu.

Humo ndani nikasikia kila mtu anacheka isipokuwa Wakesho. Vicheko nilivivumilia. Kile kimya chake ndicho kilinichoma.

Upepo ukaja tena, mkali kuliko ule wa kwanza. Hema likainama kidogo, likatetemeka, likakaa. Ukaja mwingine. Likakaa.

Nje nikamsikia Madam: "Wakesho, lile lililoruka nani alilifunga?"

Mtoto hataki kumtaja nyanya yake.

"Nimekuuliza, Wakesho. Mimi nitalaza watu humo. Kamba za upepo ziko wapi?"

"Zi... zilikuwepo, Madam."

Ile sauti ilikuwa inaelekea kulia. Ningenyamaza, ningebaki na kaheshima kangu kadogo. Nikapiga kelele kutoka ndani:

"Ni mimi! Mtoto alilifunga sawa, mimi nikaligeuza! Kamba nimefungua mimi! Na alikuwa ameniambia nisiguse!"

"Sasa mama, uliligeuza kwa nini?"

"Ili mlango ukutazame ukija! Ulitaka ukaribishwe na makalio?"

Madam akacheka mpaka akakohoa. Kisha nikasikia hatua zake zinazunguka hema langu. Anavuta kamba hii, anavuta ile. Anasukuma fito. Anapiga vigingi teke. Hakuna kilicholegea.

"Na hili ulilomo, mama?"

"Hili ni la Wakesho peke yake. Sijaligusa, limeniokoa tu."

"Basi. Wakesho, Jumamosi tunapanda. Uje na mahema kama hili. Mafupi."

Mtoto akapiga kigelegele, na akina mama wakamsaidia. Mimi humu nililia kidogo. (Ya furaha. Msiandike mengine huko chini.)

Mngedhani sasa wangeenda makwao. Wameketi! Wakesho amewaletea chai hapa hapa uwanjani. Simu yangu hukaa kifuani, hiyo upepo haukuipata, ndiyo maana mnasoma haya. Gauni la sare limeokotwa kwenye migomba, liko kwa Mama Mghoi, na hataki kunipitishia mlangoni.

"Dada, njoo ulichukue mwenyewe," anasema. "Tumetuma mtu alete mizani."

"Nyanya, toka basi, chai inapoa," Wakesho ananibembeleza.

"Sitoki mpaka watu wote wapite."

Madam Akinyi naye ameinama hapa kwenye zipu. "Mama, toka nikupe tu mkono, nikushukuru kwa mjukuu."

"Sitoki mpaka watu wote wapite."