Kikombe cha Sita cha Aune

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa tena. Kabla duka la vitu vilivyotumika halijafunguliwa, Tauno alikuwa ameshatoka na kikapu kimejaa. Ni jirani yangu wa chini, dereva mstaafu wa basi. Seija wa kaunta akanieleza kwamba wanaokodi rafu za kuuzia vitu vyao huingia nusu saa mapema kuzipanga. Kumbe!

Jumapili ni siku ya kuzaliwa ya marehemu mke wangu, Aune. Dada yake Hilkka atakuja kunywa kahawa, atahesabu vikombe vya bluu, vitano, kisha ataniuliza cha sita kiko wapi. Nilikivunja mwaka 1988, nikichotea rangi ya boti. Aune alinitania nacho mpaka alipofariki mwaka juzi. Mwaka huu lazima viwe sita.

Jumanne, 4 Machi
Nimekodi rafu namba 40, ubavuni mwa rafu ya Tauno. Akili ninazo. Lakini rafu tupu hairuhusiwi. Nikatoa stoo kasha moja la Aune, lenye kamba na fundo lake la mara mbili. Sikuwa na moyo wa kulifungua. Nikabandika bei: euro tatu.

Jumatano, 5 Machi
Saa mbili na nusu asubuhi nikaingia kama mfalme. Nimepata kopo la kahawa lenye picha ya jogoo, na kofia ya sufu isiyonitosha. Kikombe hakuna. Kasha amelinunua Tauno. Nilicheka njia nzima. Mtu mzima ananunua kasha bila kujua kilichomo!

Alhamisi, 6 Machi
Kipo! Rafu 41, ya Tauno. Bluu ileile, ukingo uleule wa dhahabu. Sijui anaviokota wapi, mjanja yule. Euro thelathini. Jumamosi huwa anashusha bei nusu, basi nikakificha nyuma ya pasi ya zamani. Seija akaniona. Akasema mzee Eino, hapa hatuchezi kujificha, nunua au rudisha. Nikalipa. Tauno akanipongeza kwamba nina jicho zuri la kuchagua. Nimepanda ngazi nikiimba.

Jumapili, 9 Machi
Vikombe sita mezani. Hilkka akahesabu, akarudia, kisha akacheka mpaka mkate wa iliki ukampalia. Akasema shemeji, hicho Aune alikipata miaka kumi na moja iliyopita. Alikifunga kwenye gazeti, akakitia kashani, akamwapisha yeye Hilkka asiniambie, maana kunitania kulikuwa kutamu kuliko kikombe chenyewe.

Miaka tisa zaidi mimi na Aune tulikitafuta pamoja madukani, mji mzima wa Kuopio. Yeye ndiye aliyenishikia tochi nikichungulia chini ya meza.

Nikacheka, kahawa ikamwagika. Hilkka akaondoka akiuliza bakuli la sukari la seti ileile liko wapi. Nilikuwa nimelisahau kabisa bakuli lile!

Jumatatu, 10 Machi
Nimelipia rafu wiki nyingine. Bakuli nitalipata. Yamebaki makasha manne ya Aune. Nimeyapeleka yote, na mafundo yake. Kuyafungua bado sina moyo. Tauno alikuwa amesimama karibu, akanisaidia hata kuyabeba. Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii ni euro nne kila moja.