Sikusema Bahari

Muiruri wa Bondeni alihamia Naivasha kwa sababu kule Nakuru kulikuwa na watu wanaomtafuta kwa upendo mwingi, wengine wakiwa na rungu. Siku ya pili alikwenda kupunga hewa kando ya ziwa, akaiona ile nyumba. Ilikuwa ya ghorofa, ya tajiri fulani. Ziwa lilipanda likaingia sebuleni bila kubisha hodi, na mwenye nyumba akahama bila kuaga. Chini palikuwa maji matupu, lakini vyumba vya juu vilikuwa vikavu. Kando yake wavuvi walikuwa wakipakua samaki, na kwenye kibanda chao paliandikwa kwa rangi nyekundu neno BEACH, maana ndivyo watu wa ziwa wanavyopaita mahali pa kushushia samaki. Mtu mwingine angeona msiba. Muiruri aliona vyumba na neno la Kizungu, akaketi juu ya jiwe, akamshukuru Mungu.

Kufuli la mlango wa nyuma lilikuwa bovu, likakubali kushawishiwa.

Hapa lazima nimtetee. Muiruri hakuwa mwongo. Uongo aliuona ni kazi ya wavivu. Yeye alisema maneno ya kweli, akayafikisha nusu ya njia, kisha akanyamaza ili mteja amalizie mwenyewe. Mteja akimalizia vibaya, hilo si kosa la Muiruri. Basi akatangaza mtandaoni: likizo ya beach kwa familia, mchanga, mawimbi, boti, samaki fresh, na usafiri kutoka Nakuru ni juu yetu. Yote yalikuwa kweli. Mchanga ulikuwa nusu lori, wa kujengea.

Tangazo hilo lilimfikia Weldon, mwalimu wa shule ya msingi huko Nakuru, mtu mwema kupita kiasi. Alilisoma akamalizia mwenyewe: Mombasa. Mkewe, Chepkurui, hufanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke, na nyumbani huja wikendi tu. Mwaka mzima walikuwa wakiweka akiba ili waione bahari. Chepkurui alitaka kitu kimoja, kuamka mahali asipoona mvuke. Binti yao, Kimberly, alikuwa na haja kubwa zaidi. Alikuwa amewaambia darasani kwamba maji ya bahari yana chumvi, wakamcheka na kumwita mwongo, naye akaapa kurudi na chupa moja ili kila mtu aonje. Chupa yenyewe alikuwa ameiosha mara tatu.

Gari liliwachukua alfajiri ya Jumamosi. Weldon aliomba sala ya urefu wa safari ya Mombasa. Alipofika kwenye amina walikuwa Gilgil. Muda si mrefu gari likaacha barabara kuu, likateremka kwenye njia ya vumbi, likasimama. Weldon akauliza kama ni chai. Dereva akamwambia wamefika.

Muiruri aliwapokea akiwa amevaa kofia ya makuti na tabasamu pana. Akawakaribisha Breeze Beach Resort, akawaonyesha bwawa la kuogelea la ndani, yaani sebule, na kuwaomba jioni wasitoke nje kwa sababu viboko huja kula nyasi, na hiyo ni burudani bila malipo. Kimberly hakungoja maelezo. Alikimbia hadi majini, akachota kwa kiganja, akaonja.

"Mum," akasema, "haina chumvi."

"Chumvi iko jikoni, mrembo," Muiruri akamjibu. "Ni kuitisha tu."

Weldon akakohoa kama mtu anayetaka kugomba lakini hajui pa kuanzia. "Boss, sisi tulilipia bahari."

"Mwalimu, nionyeshe mahali nilisema bahari."

Weldon akatoa simu, akasoma tangazo mara mbili kwa jicho la mwalimu anayesahihisha mtihani, na akiwa mwalimu mwaminifu ilimbidi ampe alama zote. Muiruri akamwonyesha kile kibanda cha samaki. Beach alisema, na beach ile pale, hata imeandikwa. Kuhusu kurudishiwa pesa, akaeleza kwa masikitiko kwamba pesa zikishaingia hotelini huwa hazipendi kutoka.

Chepkurui alipanda juu, akafungua dirisha la chumba chao. Ng'ambo ya ziwa, mvuke wa Olkaria ulikuwa unapanda polepole, uleule wa kila siku. Akalifunga dirisha kwa kishindo. Weldon alikiogopa kishindo kile kuliko viboko. Usiku mtoto alilala amekumbatia chupa tupu, na mama yake akaona uchungu hasa.

Asubuhi, chai ya hoteli ikiwa ya rangi na bila hata mandazi, Chepkurui alikwenda kwa wavuvi, ingawa Muiruri alikuwa amewaonya wageni wasisogee kule kwa ajili ya harufu. Muiruri mwenyewe hajawahi kukanyaga huko. Anyango, mama anayekaanga samaki, alimpa tilapia ya moto na habari za moto zaidi. Mwenye nyumba ile alizungushia boma lake seng'enge. Sasa seng'enge imo majini na inararua nyavu kila uchao. Wavuvi wamelalamika mpaka wamechoka, na kesho watu wa kaunti wanakuja kumtafuta mwenyewe.

"Na akipatikana?" Chepkurui akauliza.

"Ataingia hapo ndani na miguu yake, dada, aitoe."

Chepkurui alimla samaki yule mpaka mifupa ikabaki safi. Aliporudi alifungua begi lake la kazini, akavaa koti la kung'aa lenye jina la Olkaria na helmeti, akaanza kupima kwa futi ya kamba kutoka kwenye ngazi hadi majini. Muiruri akaja mbio.

"Madam, kwani unafanya kazi wapi?"

"Olkaria."

"Na hapa unapima nini?"

"Maji. Nataka kujua imefika wapi."

"Hiyo ni ya kazi?"

"Hapana, niko leave." Muiruri, ambaye tangu azaliwe hajaamini sentensi nzima ya mtu, akamkonyezea jicho. Chepkurui akaendelea kukunja futi yake. "Lakini kesho watu wa kaunti wanakuja. Wanatafuta mwenye hii nyumba."

"Wanamtafutia nini?"

Chepkurui akanyamaza.

Ndugu msomaji, katika nchi hii yetu, mtu akiona koti la kung'aa na futi, kisha asikie kwamba mwenye nyumba anatafutwa, hahitaji kuambiwa zaidi. Hiyo ni fidia. Tumeona watu wakijenga vibanda vya mabati usiku kucha kwa sababu wamesikia barabara itapita. Muiruri akamalizia mwenyewe.

Shida ilikuwa mashahidi. Mchana alikuja na kuku mzima wa kukaanga, akimwita Chepkurui "engineer", akimwomba kesho aseme nyumba ni ya Muiruri. Chepkurui akamjibu kwamba hawezi kusema uongo Jumapili, wala Jumatatu. Angesema tu aliyoyaona: kwamba Muiruri ndiye anayefungua na kufunga milango, na kwamba ndiye aliyewapokea na kuchukua pesa zao. Ila hajui, akaongeza, mgeni aliyedhulumiwa atamshuhudia mtu vizuri kwa moyo gani. Kuku hajapoa, simu ya Weldon ikalia. Pesa zilikuwa zimerudi zote, na nyingine juu yake za kuwapa pole.

Jumatatu maafisa wawili walifika, wavuvi wakiwa nyuma yao na Anyango akiwa na mwiko wake. Muiruri alikuwa ndani ya suti.

"Hii nyumba ni ya nani?" afisa akauliza.

"Yangu, tangu msingi. Andika Muiruri, na usiruke herufi."

Afisa akauliza nani anamjua. Chepkurui akasema ndiye aliyewapokea kama mwenye nyumba.

"Na ile fence iko ndani ya maji, ni ya nani?"

"Yangu pia. Ile haionekani, hesabu. Msiache hata mita moja."

Wavuvi wakatazamana. Afisa akamshika Muiruri mkono kwa furaha ya kweli. "Mzee, tumekutafuta sana." Kisha akampa glavu, akamweleza kazi. Akikataa, ni mahakamani. Na kama nyumba si yake, basi aeleze aliingiaje na kwa nini anakodisha vyumba vya wenyewe.

Muiruri akamgeukia Chepkurui. "Madam, si ulisema wanalipa?"

"Nionyeshe mahali nilisema wanalipa."

Kati ya seli na viboko, Muiruri akachagua viboko. Alivua koti la suti, akaingia majini.

Familia ilikuwa inabeba mabegi kwenda kungoja basi la Mombasa, Kimberly mbele na chupa yake, gari kutoka Nakuru lilipoteremka na wageni wapya, watoto wakiwa na maboya shingoni. Baba yao alitazama ziwa, akatazama mchanga wa kujengea, akauliza mwenye hoteli ni nani. Wavuvi wote wakanyoosha vidole kwa mtu aliyekuwa majini hadi kiunoni, amebeba seng'enge begani.

"Sio mimi!" Muiruri akapiga kelele.

Ilikuwa kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Yule baba akavua viatu, akakunja suruali, akamfuata hukohuko majini.