Uzi Mwekundu wa Javan

Jumatatu, 3 Novemba
Presha! Kontrakti yangu hapa stoo ya mahindi inaisha Jumamosi. Mama Jelagat, meneja wetu, ametangaza kwamba timu itakayoshinda wiki hii itaandikwa tena, na kupewa mbuzi juu yake. Timu! Yaani mimi, Musimbi na Wangila tusifiwe pamoja, kana kwamba tunatoa jasho sawa. Nikalalamika. Mama akanijibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini Wangila ni kidole cha kushika simu.

Kila timu hushona magunia kwa uzi wa rangi yake. Wetu ni bluu. Jioni nimepita mjini nikanunua mwekundu.

Jumanne, 4 Novemba
Asubuhi nilitangaza mbele ya stoo nzima: ukiona uzi mwekundu, ujue huo ni mkono wa Javan Ondiek. Musimbi akauliza kama nimefungua kampuni. Wangila alicheka mpaka akakaa chini. Wivu tu!

Walipoenda kula githeri, niliburuta nje kwenye mwanga magunia kumi na mawili yaliyojaa vizuri, hata yale ya Wangila. Nikafumua bluu, nikashona mwekundu. Kisha njaa ikanishinda. Nikaenda kula kidogo tu. Mvua ya Eldoret haina adabu! Niliyakuta yamelowa. Nikayapangusa kwa sweta yangu, nikayaficha katikati ya rundo. Nani atajua?

Jumatano, 5 Novemba
Lori limeondoka na mzigo. Hakuna aliyegundua. Nimekula chapati tatu.

Alhamisi, 6 Novemba
Lori limerudi! Magunia kumi na mawili yamekataliwa na kinu cha unga, yana maji. Yote kumi na mawili, uzi mwekundu. Mama Jelagat hakuhitaji kuuliza ya nani. Alinirudishia maneno yangu ya Jumanne, moja baada ya lingine, akaniambia nichukue sweta yangu niende.

Machozi yalinitoka, sifichi. Ningemwambia nini mke wangu Adongo huko nyumbani Munyaka, na juzi nilimwahidi nitakuwa supavaiza?

Hapo Musimbi akasimama. Akasema hayo ni magunia ya timu, na yeye mwenyewe hakuyapima unyevu tena kabla ya kupakia. Wangila akasema yeye ndiye aliyeyabeba, akayasikia mazito, akanyamaza. Wakaomba tupewe mpaka Jumamosi tuyaanike. Mama akakubali, lakini yakikataliwa tena tunaenda nyumbani wote watatu. Woi! Sikuwaomba wajiingize. Lakini nilishukuru sana.

Ijumaa, 7 Novemba
Tumemwaga mahindi yote kwenye turubai. Wangila anayageuza kwa miguu, Musimbi anapima unyevu kila saa; kinu hakipokei zaidi ya asilimia kumi na tatu na nusu. Kumi na nane. Kumi na sita. Saa nane wingu jeusi likatokea upande wa Kapsoya. Turubai ina pembe nne na sisi ni watatu! Nikajua kwisha. Mara pembe ya nne ikainuka. Mama Jelagat, viatu kwapani, anatufokea tukimbie. Tuliingia stoo na tone la kwanza.

Jumamosi, 8 Novemba
Kumi na tatu na nusu! Kinu kimepokea yote. Mama ametupa ushindi: kontrakti tatu, miezi sita kila moja. Aki nimepumua! Nilimkumbatia Wangila na jasho lake lote, nikamwomba msamaha kwa ile ya kidole. Hakujua ni kidole gani. Mama alisema mbele ya watu wote kwamba hii ndiyo inaitwa timu, wakatupigia makofi, na Musimbi akalia kidogo.

Tukatumwa soko la Soy tuchague mbuzi wetu. Musimbi alimchagua, Wangila akapatana bei, mimi nikashika kamba. Mbuzi mzuri, mnene. Lakini njiani nikafikiria: tukifika, watu wataona mbuzi tu. Watajuaje ni nani aliyemleta?

Uzi mwekundu ulikuwa umebaki mfukoni. Nimemfunga nao mguu wa nyuma.