Taulo Lisilokauka

Jumatatu, 11 Novemba

Taulo langu limepotea leo ufukweni, kati ya saa tano na saa sita mchana. La bluu, lenye nembo ya meli. Utaratibu wa hii meli ya watalii ni huu: ukishuka bandarini unapewa taulo mlangoni, linaandikwa kwenye namba ya chumba chako. Usiporudi nalo, faini. Na faini gani! Kwa bei hiyo dukani kwangu unatoka na godoro la mtoto, na mto juu.

Nilikwenda kuogelea tu. Kurudi, kiti kitupu. Namshuku shemeji, mume wa mdogo wake mke wangu. Mtu wa bima. Tunasafiri nao, kwa bahati mbaya. Alisema eti mali bila bima ni maji kwenye pakacha. Huyu anaumwa na mafanikio yangu.

Nilipe? Thubutu! Nimemwambia dada wa mlangoni taulo liko kwa mke wangu. Mke wangu hapendi uongo, akakohoa tu. Tumepewa hadi mwisho wa safari.

Jumanne, 12 Novemba

Bandari nyingine. Mchanga unaunguza nyayo. Mwisho kabisa wa ufuko, kusiko na mtu, nimeona kiti kimoja na taulo la bluu. Nembo ileile! Hakuna viatu, hakuna begi. Nimesubiri kiungwana. Hakuja mtu.

Ila taulo lilikuwa limebonyea. Nimeuza magodoro miaka ishirini na mbili, bonyeo nalisoma kama wengine wasomavyo gazeti. Mtu mzima, kilo sabini hivi, amelalia ubavu wa kulia. Nikiwa natazama, bonyeo likageukia ubavu wa kushoto. Upepo, bila shaka. (Hapakuwa na upepo.)

Nimelivuta. Likagoma kidogo, kama shuka la mtu anayeamshwa. Nikashinda! Chukua chako mapema.

Mlangoni dada wa taulo amelishika, akanirudishia upesi na kujipangusa mikono. Taulo lililolowa hivi hapokei, nikalikaushe kwanza. Na nimwambie mwenzangu nyuma aharakishe, ngazi inapandishwa. Mwenzangu yupi? Mke wangu alishapanda zamani.

Jumatano, 13 Novemba

Tuko baharini. Nimelianika kibarazani tangu asubuhi. Jua la utosi, na bado linachuruzika. Nimelikamua, ndoo imejaa. Nimelikamua tena, imejaa tena.

Mke wangu ameuliza nani kaingiza mchanga kitandani. Nimesema mimi. Akauliza mbona nyayo za maji zinatoka kibarazani hadi upande wake wa kitanda, na hazirudi. Nimesema hizo pia zangu. Akaniambia, haya baba watoto, weka mguu wako hapo tuuone. Nimeuweka. Ukapotea ndani ya ule unyayo kama mtoto ndani ya kiatu cha babake.

Amesema litupwe baharini sasa hivi. Na faini alipe nani?

Mhudumu wa chumba ameleta chai, vikombe vitatu. Nimemuuliza kulikoni. Akasema, mzee, si mko watatu? Nimekamata kimoja nikirudishe kabla hakijaingia kwenye bili. Kilikuwa kitupu tayari. Chini, mchanga.

Alhamisi, 14 Novemba

Mke wangu amehamia chumba cha mdogo wake. Ameondoka na mto. Taulo likitoka, atarudi. Lisipotoka, tukifika nyumbani niendelee kulala na huyo mgeni wangu, yeye anakwenda kwao. Na yule hatishii. Ndiye aliyesimama kaunta siku tulipokuwa na magodoro mawili na panya. Bila yeye, mimi… Basi, nisiandike hayo.

Mpango: nimpe shemeji! Nimemwomba radhi kwa kumshuku, nikampa taulo kama zawadi ya kusuluhishana. Kwa majivuno akalipokea. Tuliposhuka bandari ya leo akalitandika ufukweni, akalala. Mara kuruka, kama aliyekalia kaa la moto. Anasema amesogezwa. Si kusukumwa, kusogezwa, taratibu, kama ukilala katikati ya kitanda na mwenzio anataka nafasi. Akaniambia, tajiri wa magodoro, beba balaa lako. Nimefurahi sana, sitaficha.

Lakini ameapa taulo langu hakuiba. Anasema Jumatatu alimwona mtu mwenye mgongo mpana, kajifunga taulo langu kiunoni, anaingia nalo majini. Alidhani ni mimi. Hakumwona akitoka.

Kumbe! Mwizi nimempata.

Ijumaa, 15 Novemba

Kesho tunashuka. Nimegonga kwa shemeji. Mke wangu amejibu kutoka ndani: taulo kwanza. Sauti yake ilikuwa imekauka, ya mtu aliyelia.

Nimelibeba hadi kwenye ukingo wa kibaraza. Bahari chini, mikono tayari. Niliachie, mke arudi, yaishe.

Kisha nikapiga hesabu. Nikalirudisha ndani.

Sasa hivi ni mchana kweupe. Mimi nimekaa kitini, na upande wa mke wangu kitanda kimebonyea. Jumanne zilikuwa kilo sabini. Leo si chini ya tisini. Kwa gharama ya nani? Nimemwandikia, nimeiweka karatasi juu ya bonyeo. Inapanda na kushuka polepole:

“Ndugu mpangaji. Siku ya nne hii unalala bure na kunywa chai ya watu. Mimi si mtu wa ugomvi. Lete taulo langu, kavu, au lipa nusu ya chumba. Kama umeyapenda malazi, nyuma ya duka langu kuna chumba, godoro jipya, kodi miezi mitatu mbele. Mke wangu nitamweleza mwenyewe. Nataka jibu la moja kwa moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa mbili asubuhi.”